Mtani Kizimbani

Lupaso,
9 Juni 2024

Mwanangu Yuster, Mama Huruma,

Pokea salamu zetu sote. Huku tu wazima, ila goti la mama yako limeanza tena kutabiri mvua, na kwa kuwa ni Juni nimemwambia goti lenyewe limechanganyikiwa. Hajacheka. Mkwe wangu Trevor hajambo? Na Huruma, meno yamemaliza kuota?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya hapa kwetu unaongea wewe, wanajibu majirani. Barua hii nampa Gervas, kondakta wa basi, na bahasha nimeigandisha kwa ugali ili asiisome njiani.

Nimetoka Makote kumzika Khalfan. Najua ulikuwa Mtwara kwenye semina, kwa hiyo nakusimulia. Unajua mimi na Khalfan tumetaniana tangu hujazaliwa, mimi Mmakua wa bondeni, yeye Mmakonde wa juu kusiko na maji. Bibi yako alipofariki, Khalfan alikaa ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka aletewe chai yenye sukari ya kueleweka. Sasa ilikuwa zamu yangu, nami sikumwangusha. Walipokuwa wanamwosha nikapaza sauti nje, "Maji kidogo tu, jamani, Mmakonde huyu hakuyazoea, atapata mafua." Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Wakati wa dua nilisimama kando nikanyamaza, maana utani nao una mipaka. Baada ya mazishi nikavaa kanzu yake, nikatembea vile alivyokuwa akitembea, bega la kushoto mbele kana kwamba dunia nzima ni mlango mwembamba. Kisha nikapanda baiskeli yake iliyokuwa imeegemezwa ukutani, nikapiga kengele na kuondoka nayo.

Nilichosahau ni kwamba Khalfan hakuwahi kutengeneza breki. Mteremko wa kushuka kutoka Newala nimeushuka mara nyingi, lakini sijawahi kuushuka bila ridhaa yangu. Nilipita lori la mchanga. Dereva alinipungia mkono.

Baiskeli iko hapa ukumbini na kanzu imekunjwa juu yake. Nawasubiri wenyewe waje kuikomboa kwa kuku na maneno machafu kama ilivyo desturi. Wamechelewa kidogo, lakini Wamakonde wa Makote ni watu wa kupanda na kushuka, watafika.

Nimekusikiliza redioni kwenye kipindi chako cha sheria. Yule kijana aliyepiga simu kusema kuna mtu alikuja msibani kwao akaondoka na mali ya marehemu, halafu laini ikakatika, ulimjibu vizuri sana. Huo ni wizi, tena wizi usio na haya, aende polisi, na asithubutu kumpa mwizi kitu chochote ili arudishiwe. Nilimwambia mama yako, huyo ndiye mwanangu. Dunia imeharibika, mtu anaiba hadi msibani.

Baba yako.


Newala,
16 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Huruma ana meno ya kutosha na sasa anayatumia kunitafuna mimi. Mwambie mama nitamletea dawa ya kuchua, goti aliache lisitabiri chochote.

Pole sana kwa Mzee Khalfan. Nilimpenda. Nikiwa mdogo alikuwa akinambia nimeokotwa porini wakati wa kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, nami nikalia siku nzima, na wewe ukamwacha tu. Nasikitika sikuwepo kukuona ukifanya kazi yako, ingawa kwa umri wako mteremko ule haukuwa wa kushuka na baiskeli, sembuse ya Mzee Khalfan. Ungekutana na trafiki angekuuliza nini?

Nashukuru kwa maneno yako kuhusu kipindi. Yule kijana amepiga tena studio kunishukuru. Hakutaja jina, ila anasema polisi wamempokea vizuri na mwizi anafahamika, ni mzee mmoja wa huko chini. Nikamwambia siku hizi wazee ndio wanaotushinda. Sheria ipo kwa ajili ya watu kama yeye, Baba, watu ambao wanaonewa na hawajui pa kusemea. Siku kama hizo naipenda kazi hii hata wakichelewesha mshahara.

Wakija kukomboa baiskeli usiwasumbue sana.

Mwanao, Yuster.


Lupaso,
27 Juni 2024

Mama Huruma,

Marahaba. Mama yako mzima, goti lake zima. Mimi afya yangu sijui niisemeje, maana tangu juzi ni mtuhumiwa, na sijawahi kufundishwa mtuhumiwa anatakiwa kujisikiaje.

Nilikuwa napuliza salfa kwenye mikorosho, uso wote umekuwa njano, nikaona mtendaji wa kijiji anakuja na askari. Askari alipogeuka kuniona alirudi nyuma hatua moja. Akauliza kama mimi ndiye Cuthbert, nikasema ndiye. Akauliza baiskeli iko wapi.

"Ukumbini," nikamwambia. "Naitunza vizuri. Mmewaona wenyewe? Wamechelewa."

"Kwa hiyo unakubali uliichukua?"

"Nikatae vipi na nilipiga kengele?"

Kumbe yule kijana mrefu aliyekuwa akinitazama pale msibani kama nimemkanyaga kidole ni Faridi, mtoto wa mwisho wa Khalfan, aliyechukuliwa na mjomba wake kwenda Dar es Salaam akiwa na miaka saba. Ndiye mlalamikaji. Nimeshitakiwa kwa wizi, na kesi itasikilizwa huko kwenu, mahakama ya mwanzo. Askari alichukua baiskeli na kanzu kama vielelezo. Nilimwonya kuhusu breki akadhani namtisha. Akaipanda, akasimamia kwenye mkorosho wa kasisi.

Kituoni waliniambia nina haki ya kunyamaza. Nikawaambia mimi ni katekista mstaafu, hiyo haki sijawahi kuitumia. Mama yako alifika na kuku mkononi. Askari akamwambia, mama, dhamana haiuzwi, mdhamini mwenye barua ya kijiji anatosha. Mama yako akamjibu kwamba anajua, mwanawe anasema hivyo redioni kila wiki, kuku ni kwa sababu askari mwenyewe amekonda. Askari akamkataa kuku na mama yako amenuna mpaka leo.

Sasa nifike pale unapopaogopa. Niliuliza huyu Faridi alipata wapi wazo la kwenda polisi badala ya kuja kwangu na kuku. Askari akasema alishauriwa na mwanasheria wa redioni. Nikauliza redio gani. Akanitajia. Nikauliza ni mama au ni baba. Akasema ni mama mmoja ana sauti ya ukali hivi.

Nikaomba kiti.

Anderson, yule aliyeshinda kesi ya mbuzi mwaka ule na tangu hapo anatembea na faili, amenishauri niseme nina kichaa cha kupokezana. Anasema kinakuja siku za misiba tu. Nasubiri ushauri wako, maana wa kwanza ulinifikia vizuri.

Mtuhumiwa wako,
Baba.


Newala,
29 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, mara ya tatu alinisomea Trevor kwa sababu anasema nilikuwa natoa sauti anazozijua kutoka chumba cha kujifungulia.

Laini ilikatika, Baba. Kijana alisema "mtu alikuja msibani" na "mali ya marehemu", ikaishia hapo. Angesema kanzu, angesema kengele, angesema bega la kushoto, ningejua. Nilijibu swali lililofika nusu kwa jibu zima.

Tafadhali usimsikilize Anderson. Hana leseni ya kitu chochote isipokuwa ya kuchinja, na hata hiyo nadhani imekwisha muda. Usiseme kichaa. Useme ukweli, na ukweli wako una mahali pake kwenye sheria. Kanuni ya Adhabu inasema mtu hana hatia ya kosa la mali kama alichofanya alikifanya akiamini kwa nia njema kwamba ana haki ya kukifanya, bila kusudi la kudhulumu. Mwizi hujificha. Wewe ulipiga kengele. Hayo nimeyahakikisha kwa mkuu wangu, Wakili Julia, ambaye baada ya kumaliza kucheka ameniamuru nikae mbali na kesi, kwa sababu nimemshauri mlalamikaji na nimezaliwa na mshitakiwa. Anasema hajawahi kuona mtu aliyesimama pande zote mbili kwa ukamilifu namna hii.

Kabla hajanikataza nilikuwa nimeshakwenda Makote kumwona Faridi. Nilimwambia mimi ni nani hata kabla hajaniletea kiti. Si mtu mbaya, Baba. Ameniambia kitu kimoja tu anachokikumbuka vizuri kwa baba yake ni kukaa kwenye keria ya ile baiskeli, ameshika shati lake. Amerudi kumzika, anakuta mzee asiyemjua amevaa kanzu ya baba yake, anamwiga anavyotembea, watu wanacheka, na baiskeli inaondoka. Alipowauliza majirani, kila aliyeulizwa alicheka. Wakamwambia apeleke kuku tu, yeye akakumbuka mama wa redioni alisema usimpe mwizi chochote.

Anasema ukiomba radhi mbele ya watu ataiomba mahakama aondoe malalamiko. Naomba ukubali, Baba. Ni neno moja. Hakimu hakujui kama tunavyokujua, na wizi una kifungo.

Mwanao anayekuombea na anayeona aibu,
Yuster.


Lupaso,
7 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika barua mbili nikazichana, na ya tatu mama yako aliichana mwenyewe akisema haifai kusomwa na mtoto.

Nimesikia habari ya keria. Sikuijua, na imenichoma. Lakini radhi siombi.

Usidhani ni kiburi cha uzee. Nikisimama mbele ya watu wa Makote nikasema nisameheni kwa nilichofanya msibani, nitakuwa nimesema kwamba Khalfan alizikwa na mwizi. Nitakuwa nimemwambia Khalfan kwamba urafiki wetu wote ulikuwa kosa la jinai. Siku ya bibi yako, watu walipokuwa hawawezi hata kunyanyua jembe kwa huzuni, ni yeye aliyewachekesha mpaka wakaweza. Nami nilimwahidi. Niombe radhi kwa kutimiza ahadi?

Na kuna jambo jingine ambalo ninyi mliosoma hamkulisoma. Mtani msibani yuko kazini. Halii. Kazi yake ni kubeba machozi ya wengine, na anabaki kazini mpaka wenye msiba waje wamkomboe. Wakishamkomboa ndipo anakuwa mfiwa kama watu wengine. Mimi hawajanikomboa, Yuster. Khalfan yuko chini ya udongo, wenzangu wote wameshamlilia wakarudi mashambani, mimi bado nimeshikilia baiskeli ambayo hata sinayo. Usiku nakumbuka kitu cha kumwambia, nacheka, halafu nakumbuka. Siwezi kulia wala siwezi kuacha. Hilo ndilo linalonisumbua, jela hainisumbui sana, nasikia wana kwaya.

Anderson amekuja na mpango mpya. Anasema nidai baiskeli ilinifuata. Nimemwambia kwa mteremko ule hilo linakaribia ukweli.

Nitafika Newala siku moja kabla ya kesi, nilale kwako.

Baba yako asiyeomba radhi.


Tandahimba,
12 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia harakaharaka, Gervas ana jamaa yake anarudi Masasi na basi la mchana.

Wakili Julia amenileta huku kwenye mikutano ya elimu ya sheria vijijini, nadhani ili nisiikaribie mahakama ya Newala hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo siku ya kesi sitakuwepo. Trevor atakupokea. Usimsimulie habari za mteremko, ana presha.

Jana baada ya mkutano bibi mmoja alinijia akaniambia sauti yangu inafanana na ya redioni, na mwanya wangu unafanana na wa Mmakua mmoja mshenzi wa Lupaso. Ni Bi Sikuzani, dada mkubwa wa Mzee Khalfan. Anaishi huku kwa binti yake. Aliondoka Makote baada ya hitima akijua mambo yote yamekwisha. Nilipomwambia kuna kesi alicheka mpaka kanga ikamdondoka, kisha akaacha kucheka ghafla akauliza ni lini na ni wapi.

Nilimuuliza atasema nini. Akaniambia, "Mie nikaseme kwa hakimu, si kwako. Wewe ukisema kitu kinatoka redioni."

Sikumfundisha neno, Baba, na wala nisingeweza.

Mwanao, Yuster.


Lupaso,
20 Julai 2024

Mwanangu Yuster,

Salamu nyingi na shukrani kwa malazi. Trevor alinipa kitanda chenu akalala kwenye kochi na miguu yake ikalala ukumbini. Huruma amening'ata. Nimerudi nyumbani, siko jela, na mama yako aliyekuwa ameshaanza kunifungia nguo amezifungua kwa kusikitika kidogo, maana alikuwa amezipanga vizuri.

Hakimu ni mama wa makamo, mpole, anaandika kila kitu kwa mkono. Faridi alizungumza wa kwanza. Alizungumza vizuri, na alipofika kwenye kanzu nikaangalia viatu vyangu. Kisha hakimu akanigeukia.

"Mshitakiwa, shahidi anasema uliondoka msibani ukikimbia kwa kasi kubwa. Ni kweli?"

"Mheshimiwa, nilikwenda kwa kasi, lakini sikukimbia."

"Tofauti yake ni nini?"

"Anayekimbia anaweza kusimama."

Watu wakacheka na hakimu akagonga meza. Nikaeleza habari ya breki. Akaagiza kielelezo kiletwe ili karani akijaribu pale uwani. Karani ni kijana mnene. Tulimsikia akipita dirishani mara moja, kisha tukasikia ndoo. Hakimu akaandika.

Ndipo akaitwa Bi Sikuzani. Alikataa kiti akasema hajaja kupumzika.

"Unaifahamu baiskeli hii?"

"Ya ndugu yangu."

"Ilikuwa ndani ya nyumba siku ya mazishi. Nani aliitoa nje?"

"Mie. Nikaifungua na kufuli."

"Kwa nini?"

"Iibiwe."

Hakimu akaweka kalamu chini. Bi Sikuzani akamweleza polepole, vile unavyomweleza mgeni njia. Akasema Khalfan alipokuwa amelala mgonjwa alimwita akamwambia, dada, nikifa yule Mmakua atakuja, usimwachie kuku, atatembea bondeni kote akisema ukoo wetu masikini, mwachie kitu cha maana. Na asipochukua kitu mfukuzeni, atakuwa hanilii.

"Kwa hiyo marehemu aliruhusu baiskeli ichukuliwe?" akauliza hakimu.

"Hakuruhusu," akasema Bi Sikuzani. "Aliagiza."

Faridi alisimama bila kuruhusiwa. "Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliuliza redio."

Pole kwa hilo. Nimeliandika kwa sababu lilisemwa mahakamani.

Hakimu alisoma hukumu mchana. Akasema wizi ni kuchukua mali ya mtu bila haki na kwa nia mbaya, na mtu anayechukua mbele ya kijiji kizima, kwa kengele, akaiweka ukumbini akiwasubiri wenyewe, nia hiyo haionekani kwake. Akasema vilevile mlalamikaji hakufanya kosa kuja mahakamani, kwamba afadhali aliyekuja pale kuliko angekusanya vijana wanifuate na marungu. Hilo nililipenda. Nimeachiwa huru, na baiskeli akarudishiwa Faridi, ambaye ndiye mrithi.

Faridi akaichukua, akaisukuma mpaka barabarani, akaondoka. Hakunitazama. Hakunipa hata tusi moja dogo.

Kwa hiyo mwanangu, nimeshinda na nimerudi mikono mitupu. Sheria imenifungulia mlango wake, na naishukuru, lakini mlango ninaongoja mimi hakimu hana ufunguo wake. Baiskeli imerudi kwao bila kukombolewa. Sasa sijui kazi hii nitaimaliza lini. Mama yako anasema nile.

Baba yako.


Newala,
28 Julai 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Kula ugali, tafadhali. Sisi wazima, karani wa mahakama naye anaendelea vizuri, nimemwona sokoni.

Nimesahihisha redioni. Nilisema wazi kwamba wiki zile nilitoa jibu kabla swali halijafika lote, na kwamba sheria haiangalii mkono tu, inaangalia na nia. Nilidhani nimemaliza. Tangu siku hiyo Newala nzima imekuwa na watani. Kijana amekamatwa na mabati ya jirani yake saa nane ya usiku, anasema ni mtani. Mwanamke amechukua kitenge kwenye kamba, mtani. Imenibidi nirudi hewani kueleza kwamba mtani huja mchana, mbele ya watu, kwenye shughuli inayomhusu, na wenyewe wanamjua. Anayeruka ukuta hata kama babu zenu walitaniana ni mwizi.

Kulikuwa na simu moja ya mwisho. Mpigaji hakutaja jina, na safari hii laini ilikuwa safi. Aliuliza, "Kama mahakama imeshamrudishia mtu kitu chake, na yeye sasa anataka kukikomboa, afanyeje?"

Nilisogeza maikrofoni karibu. Kisha nikamjibu kwamba sheria haina jibu la swali hilo, na mimi pia sina, aende akamuulize shangazi yake.

Mwanao, Yuster.


Lupaso,
11 Agosti 2024

Mwanangu Yuster,

Tu wazima, nami nimeanza kula. Naandika mapema kabla watu hawajaja, kwa sababu leo nina wageni wa kunipa pole.

Jana nilikuwa nachambua mbegu za karanga uwani. Faridi akaingia. Alikuwa na jogoo kwapani, ameloa jasho, na simu mkononi. Hakubisha hodi. Akasimama katikati ya uwanja, akainua simu akaanza kusoma.

"Wewe Mmakua, mla panya, mwizi wa wafu, uliyeshindwa kupata baiskeli yako ukangoja mwenzako afe."

Alisoma kama anayesoma kumbukumbu za kikao. Nikajua ni maneno ya Bi Sikuzani, amemtumia kwa ujumbe. Mama yako alitoka jikoni na mchi akidhani tumevamiwa.

"Sauti ndogo," nikamwambia. "Na panya mtamke kwa dharau."

Akarudia. Safari hii kidogo ilikuwa na chumvi. Nikamjibu kwamba Wamakonde wa Makote wamezoea kunawa kwa umande ndiyo maana amekuja na uso wenye vumbi, na kwamba jogoo huyo amekonda kuliko Khalfan siku zake za mwisho. Akatafuta kwenye simu jibu lake. Halikuwepo. Akaiweka mfukoni.

Akasema, kwa sauti yake mwenyewe, "Mzee, mimi niliondoka nikiwa mdogo. Wote pale walikuwa wanacheka kwa sababu walikuwa wanamwona baba. Mimi sikumwona, nilikuwa simkumbuki. Tembea tena."

Nikamwambia kanzu iko mahakamani au iko kwenu. Akasema hata bila kanzu.

Basi nikainuka. Nikaweka bega la kushoto mbele, nikavuka uwanja kutoka kwenye karanga mpaka kwenye kinu, na Faridi akinitazama, jogoo kwapani. Nikageuka kwenye kinu nirudi. Sikufika. Nilikaa chini pale pale, mwanangu, nikalia vile ambavyo sijalia tangu bibi yako alipofariki, kwa sauti, mdomo wazi, na yule kijana akakaa kando yangu akalia na yeye.

Mama yako aliweka mchi chini akakimbia kutuuliza nani amekufa.

Nikamwambia, Khalfan.

Baba yako.